Kugeuza kalibu ya kikombe isubu risasi za kitako bapa

Kitako cha risasi ndicho kinachoamua inakoelekea. Ncha ikikwaruzika au kupondeka kidogo, risasi bado hufika karibu na ilipolengwa. Kitako kikiwa na pengo dogo ukingoni, gesi hutoroka upande huo kwanza risasi inapoachana na mdomo wa mtutu, nayo husukumwa kando. Franklin W. Mann, daktari wa Marekani aliyechapisha majaribio yake mwaka 1909, aliharibu ncha na vitako vya risasi kwa makusudi, akaonyesha kwamba kosa la kitako hutawanya shabaha kuliko kosa la ncha. Anayetaka kugusa kalibu yake kwa chombo cha kukatia na alishike hilo kwanza, kwa sababu kazi yote inayoelezwa hapa ni ya kuupata ukingo mmoja tu: mduara wa kitako, uwe mkali, uwe sawa pande zote, na uwe katikati.

Kiswahili kinatumia neno risasi kwa kitu na kwa madini yake. Hapa risasi ni ile inayotoka mtutuni, na madini ni yale yanayoyeyushwa, pamoja na bati na antimoni zinazochanganywa humo. Kalibu ni vipande viwili vya alumini, chuma au shaba vinavyofumbatana, na juu yake kuna bamba lenye tundu la kumiminia. Bamba hilo ndilo hukata kikonyo, yaani ule uvimbe wa madini unaobaki juu ya kitako. Kikombe ni kisahani kidogo cha shaba kinachovishwa kitakoni ili kuzuia gesi ya moto isiyalambe madini. Kutengeneza risasi kunasimamiwa na sheria tofauti kila nchi, na mahali pengi hakuruhusiwi bila leseni. Hilo hujulikana kabla ya kuwasha jiko.

Kalibu iliyoundwa kwa ajili ya kikombe hutoa risasi yenye kitako kilichopunguzwa. Kwa kaliba ya .30, yaani mtutu wa upana wa inchi 0.30, mikanda ya risasi (pete nene zinazouzunguka mwili wake) huwa na kipenyo cha milimita 7.85 hadi 7.90, lakini kitako chake chembamba huwa na milimita 7.2 hadi 7.3, kwa urefu wa milimita 2 hadi 2.5. Upungufu wa takriban milimita 0.3 kila upande ndiyo nafasi ya ukuta wa kikombe. Risasi hiyo ikipigwa bila kikombe, gesi hujaa katika nafasi hiyo na kuusukuma mkanda wa mwisho kwa nyuma. Mkanda huo haukuundwa kuwa mlango wa kufungia gesi. Pembe yake ya nyuma mara nyingi ina mteremko, na ukingo wake haukuchongwa na bamba la juu, kwa hiyo si mkali kama unavyotakiwa.

Kikombe kina kazi yake. Kwa mwendo unaopita mita 425 kwa sekunde, kukiacha ni kujitafutia madini yaliyoganda ndani ya mtutu. Chini ya mita 370 hivi kwa sekunde, risasi ya kitako bapa inayojaa mtutu vizuri hufanya kazi safi bila kikombe, tena kwa madini laini zaidi. Kati ya hapo hutegemea ugumu wa madini, grisi na ulaini wa mtutu wenyewe. Mtu anayepiga shabaha za mwendo mdogo mwaka mzima ana sababu nzuri ya kubadilisha kalibu. Mwenye kalibu moja tu, ambaye mara hupiga kwa nguvu na mara kwa upole, afadhali aiache ilivyo na anunue nyingine.

Kuna jaribio la bei nafuu kuliko yote: subu risasi 20, zipige bila kikombe kwa mwendo mdogo, kisha chungulia mtutu. Ukiukuta safi na matundu kwenye shabaha yamekusanyika, hakuna la kurekebisha. Metali iliyokatwa kwenye kalibu hairudi.

Ikiwa uamuzi ni kukata, kipimo hutangulia. Chagua risasi kumi nzuri kutoka kwenye kalibu hiyo na uzipime kwa maikromita. Kalipa ya venia haitoshi kwa kipenyo, ingawa inafaa kwa urefu. Pima mkanda wa mwisho mara mbili: ukivuka mstari wa maungio, na ukiufuata mstari huo. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.05, kalibu haifungi vizuri au si duara, na mara nyingi sababu ni tone la madini lililoganda usoni mwa kipande kimoja. Safisha, pima tena. Kisha andika kipenyo cha kitako chembamba, urefu wake, upana wa mkanda wa mwisho, na upana wa mfereji wa grisi ulio mbele ya mkanda huo. Pima na mtutu pia kwa kusukuma ndani yake kipande cha madini laini yasiyochanganywa: risasi inatakiwa kuzidi kipenyo cha chini ya mifuo (michirizi ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu) kwa milimita 0.025 hadi 0.05. Ukijua namba hiyo, unajua kitako kipya kiwe na kipenyo gani. Bila namba hiyo unakata gizani.

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kukata uso wote wa juu wa kalibu mpaka kitako chembamba kitoweke, na mkanda wa mwisho uwe ndio kitako. Ya pili ni kupanua kile kitako chembamba mpaka kifikie kipenyo cha mikanda. Ya kwanza hufanya risasi iwe fupi na nyepesi. Ya pili huacha urefu uleule na kuongeza uzito kidogo sana. Kwa mfano wetu wa .30, ukichukua kitako chembamba cha urefu wa milimita 2.4, kukata juu huondoa takriban gramu 1.1 ya madini, yaani kama greni 17. Kupanua huongeza gramu 0.2 tu, kama greni 3.

Kalibu yenye matundu mengi inafaa kukatwa juu, kwa kuwa matundu yote hubadilika kwa mkato mmoja na hakuna la kuwekwa katikati. Lakini tazama ule mkanda wa mwisho uliopima. Ukiwa na upana chini ya milimita 1.2, usikate juu. Mkanda mwembamba namna hiyo, ukiwa ndio kitako, huchakaa na kufumuliwa na mifuo kabla risasi haijafika mbali, na nyuma ya mfereji wa grisi hubaki kama ukucha usio na nguvu. Hapo panua. Kwa kalibu ya tundu moja mimi hupendelea kupanua hata pale ambapo njia zote mbili zinawezekana, kwa sababu mkanda wa mwisho ukiungana na kitako kilichopanuliwa unapata nyuma nene ya karibu milimita 4, inayoshika mifuo kwa uthabiti na kuvumilia makosa madogo ya kikonyo.

Anayekata juu huifunga kalibu kwenye jiriwa ya mashine ya kusaga chuma, pini za mwongozo zikiwa zimeingia sawasawa, na taya za jiriwa zikibana kuelekea maungio ili vipande visifunguke. Usiuamini uso wa chini wa kalibu; si lazima ulingane na ule wa juu. Zungusha geji ya saa (kipimo chenye mshale) juu ya uso wa zamani wa juu, sawazisha mpaka tofauti isizidi milimita 0.02 kutoka kona hadi kona, ndipo ukate. Ondoa milimita 0.25 kwa kila pito, mapito ya mwisho 0.05. Simama ukiwa umebakiza milimita 0.1, ufunge bamba, usubu risasi chache, uzitazame. Kitako kikiwa bado na ngazi ndogo kuzunguka, malizia. Ukipita kiasi utaingia mkandani na kuupunguza, na ukizidi kupita utafikia mfereji wa grisi. Kalibu hiyo imekwisha.

Bamba nalo huleta mambo mawili baada ya kukata juu. La kwanza ni tundu la skrubu yake: limepungua kina, kwa hiyo skrubu hugonga chini kabla haijalibana bamba, nawe utaona bamba linacheza ingawa skrubu imekazwa. Tundu lizidishwe kina na likatwe nyuzi mpaka chini kwa tepu isiyo na ncha, au skrubu ifupishwe. La pili ni skrubu ndogo ya ubavuni inayoshikilia ile ya bamba. Hiyo sasa iko karibu zaidi na uso wa juu, na katika kalibu za alumini ukuta uliobaki huweza kupasuka ukiikaza kwa hasira. Pima unene huo kabla ya kukata, si baada.

Njia ya kupanua inadai uangalifu zaidi. Aliye na mashine ya kukereza huifunga kalibu kwenye chaki (kishikio cha mashine) ya meno manne, kila jino likibana juu ya kipande cha shaba laini ili lisiache alama, na meno mawili yakibana kuelekea maungio. Geji ya saa yenye kidole huingizwa ndani ya kitako chembamba na kugusa ukuta wake, kalibu husogezwa mpaka mshale usicheze zaidi ya milimita 0.02. Alumini hubonyea ukiibana kupita kiasi, na tundu lililokatwa likiwa limebanwa huwa yai ukilegeza. Kalibu si duara na haina mizani inapozunguka, basi mizunguko 300 hadi 500 kwa dakika inatosha. Kisu chembamba cha kupanulia kikate milimita 0.05 kila pito.

Asiye na mashine ya kukereza anaweza kutumia drili ya mezani, kwa sharti moja: drili isiachiwe kuongoza chombo. Mhimili wa drili za kawaida unacheza kuliko usahihi unaotafutwa. Kinachoongoza ni bamba nene la chuma, milimita 8 hadi 10, lililofungwa mahali pa bamba la kukatia, lenye tundu lililosafishwa kwa rima hadi kipenyo kilekile cha chombo cha kukatia. Kulipata katikati ni kazi ya pini ya ngazi. Kereza, au kerezesha, pini ambayo upande mmoja unaingia kwa kubana ndani ya kitako chembamba cha kalibu, na upande wa pili unaingia kwa kubana katika tundu la bamba la kuongozea. Ingiza pini, telezesha bamba juu yake, kaza bamba kwa klempu, chomoa pini. Sasa tundu la bamba na tundu la kalibu vina mhimili mmoja, na drili inabaki kuwa mkono wa kuzungusha tu. Wengine huzungusha chombo kwa kishikio cha tepu bila drili kabisa, na kwa alumini hilo huenda vizuri.

Chombo chenyewe ni kijiti cha chuma cha vyombo kilichokerezwa hadi kipenyo kinachotakiwa, kisha ncha yake ikasagwa nusu kwa urefu, ibaki juu ya mstari wa katikati kwa kiasi cha unywele, milimita 0.03 hivi. Ikisagwa ikapita katikati, chombo hukata kipenyo kidogo kuliko chake na kutetemeka. Uso wa mbele uwe bapa, ukiwa na mteremko wa nyuzi chache nyuma ya makali ili usisugue. Pasha moto mpaka kiwe chekundu kama cheri, zamisha kwenye mafuta, sugua mpaka king'ae, kisha upashe tena polepole mpaka rangi ya majani makavu itokee, na upooze. Keekee ya kawaida haifai kazi hii. Ncha yake ni ya koni na huuma alumini kwa ghafla, ikavuta, ikaingia ndani zaidi ya ulivyokusudia, na kalibu ya tundu moja ikageuka kuwa chuma chakavu kwa sekunde moja.

Chombo kiwe kidogo kuliko kipenyo cha mwisho kwa milimita 0.05. Sababu ni kwamba madini husinyaa yakiganda na kalibu hupanuka ikipata moto, na risasi inayotoka hailingani kabisa na tundu ulilopima kalibu ikiwa baridi. Kata pungufu, subu, pima risasi, ndipo uongeze. Alumini ikatwe kwa mafuta ya taa, ambayo huzuia vinyuzi visigande kwenye makali. Chuma cha kusubu na shaba vikatwe vikavu. Weka kikomo cha kina kwenye chombo, hata kama ni pete tu iliyokazwa kwa skrubu, kwa sababu mkono hauwezi kuhisi milimita 0.1.

Kina kinaweza pia kuchaguliwa kwa faida. Ukipanua milimita 1.6 za juu tu na kuacha 0.8 za chini, ile sehemu iliyobaki inakuwa mfereji mwembamba wa ziada wa grisi mbele ya kitako kipya. Huo mfereji husaidia risasi ndefu katika mtutu mrefu, mradi makali ya chombo ni bapa kweli na pembe ya chini inatoka safi.

Mhimili ukipotea, hasara yake ina sura mbili, na ya pili watu wengi hawaifahamu. Ukipotea kufuata mstari wa maungio, kitako kinatoka na ngazi yenye umbo la mwezi mwandamo upande mmoja. Unaiona kwa macho. Ukipotea kuelekea kipande kimoja cha kalibu, kipande hicho sasa kinabeba zaidi ya nusu ya duara. Kingo zake zinakumbatia risasi, na risasi haitoki bila kugongwa. Milimita 0.05 zinatosha kuleta shida hiyo. Watu hulilaumu joto la kalibu, huongeza moshi wa kuipaka ndani, hugonga bawaba kwa nguvu zaidi mpaka pini za mwongozo zinalegea, na kumbe kosa liko kwenye kukata. Dalili yake ni kwamba risasi hung'ang'ania kipande kilekile kila mara, na ukiitazama utaona mkwaruzo mwembamba wima kwenye kitako, kandokando ya maungio. Dawa ni kuondoa kidogo sana, kwa msasa namba 600 uliozungushwa kwenye kijiti, upande ule tu unaokwaruza.

Vinyuzi vya chuma kwenye maungio huleta balaa linalofanana. Kila mkato huacha ukingo ulioinuka unaoelekea ndani ya uso wa kipande cha pili. Kalibu ikifungwa juu yake haifungi kabisa, risasi zinatoka na mapezi na kipenyo kilichozidi, na vinyuzi vinabonyea usoni na kuacha alama ya kudumu. Kwa hiyo fungua kalibu kwa upole baada ya kukata, usiifunge tena, pitisha kijiti cha mbao laini kwenye kingo, kisha jiwe laini la mafuta juu ya uso bapa mara moja au mbili. Usitumie tupa. Na usizungushe kitambaa chenye dawa ya kung'arishia mdomoni mwa tundu: kitambaa hulainisha na kuviringa ukingo wa juu, na ukingo huo ndio kitako cha risasi.

Hapa pana jambo linaloonekana kupingana na hilo, lakini halipingani. Hewa iliyomo ndani ya kalibu lazima itoke madini yanapoingia, na sehemu ya mwisho kujaa ni pembe ya kitako chini ya bamba. Katika kalibu ya kikombe, pembe isiyojaa vizuri ilifichwa na kikombe. Kwenye kitako bapa haifichiki. Mistari ya kupumulia iliyochongwa kwenye nyuso za kalibu ina kina cha milimita 0.05 hadi 0.1, na karibu na juu mara nyingi haifiki mahali inapohitajika. Basi vunja ule ukingo wa ndani wa juu wa kila kipande, mahali uso wa maungio unapokutana na uso wa juu, kwa jiwe laini lililoshikwa kwa nyuzi 45, mapito mawili matatu tu. Kalibu ikifungwa, unapata mfereji mdogo wa hewa unaopita juu ya maungio chini ya bamba. Mduara wa tundu lenyewe usiuguse isipokuwa pale mfereji unapoukatiza. Mfereji ukiwa mkubwa, utaona pembe mbili ndogo za madini zimechomoza kitakoni. Ukiwa sawa, kitako kinajaa na pembe hazionekani.

Bamba liwe bapa. Liweke juu ya kioo, msasa namba 400 ukiwa chini yake, lisugue kwa mwendo wa namba nane, na madoa ya mng'ao yatakuonyesha mahali palipopinda. Likazwe kiasi cha kuzunguka kwa uzito wake kalibu inapoinamishwa. Likikazwa zaidi linaziba hewa, likilegea linaruhusu madini kupenya chini yake na kukipa kitako pindo. Makali ya tundu la kumiminia yawe makali kweli upande wa chini. Bamba butu halikati kikonyo, hukichana, na kuchana kunaacha shimo katikati ya kitako au nundu iliyoinuka. Nundu ya katikati si janga kama ilivyo kosa la ukingoni, ila risasi haitasimama sawa ikiingizwa kwenye kifaa cha kuipimia kipenyo.

Kumalizia kipenyo hufanywa kwa kusagia. Subu risasi huku skrubu ndefu imesimama ndani ya tundu la kumiminia ili madini yaishike kichwani. Ikishapoa, paka kitako chake tu, mbele usiguse, dawa ya kusagia valvu ya namba laini, irudishe ndani ya kalibu, fumba vishikio kwa mkono bila kulazimisha, zungusha kwa kishikio cha tepu mizunguko kumi au kumi na tano. Safisha kabisa, subu tena, pima. Inakwenda polepole, na ndivyo inavyotakiwa. Kila awamu huondoa kiasi ambacho maikromita inakiona kwa shida. Simama kitako kikilingana na mikanda ya mbele au kuizidi kwa milimita 0.01 hadi 0.02. Hakuna haja ya kung'arisha mpaka uwe kioo.

Kalibu iliyokatwa upya ina mafuta kwenye vinyweleo vyake. Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo kwa mswaki, ikaushwe kabisa, kisha ipashwe mpaka joto la kusubu na kupoozwa mara tatu bila kumimina kitu. Nyuso mpya hupata utando wa kahawia au kijivu ambao madini huupenda zaidi kuliko metali inayong'aa. Bila hilo, risasi 50 za mwanzo zitatoka na mikunjo, na mtu ataanza kukata tena mahali pasipo na kosa.

Madini nayo hubadilika. Kitako bapa hakihitaji ugumu mkubwa. Madini matupu yana ugumu wa Brinell unaokaribia 5. Sehemu 20 za madini kwa sehemu 1 ya bati hufika kama 10, na hilo linatosha kwa mwendo mdogo. Madini magumu sana, ya antimoni nyingi, hayatanuki kitakoni gesi inapoyasukuma, na gesi hupenya pembeni. Mtu akizoea madini magumu kwa ajili ya kikombe, ashushe ugumu kabla ya kulaumu kalibu. Madini huyeyuka kwa nyuzi 327.5 za Selsiasi, na joto zuri la kusubu ni kati ya 370 na 400. Zinki huyeyuka karibu na 420, kwa hiyo ukiweka joto chini ya hapo vipande vya zinki vya kubalansia magurudumu huelea juu na unaviopoa. Vikiyeyuka, madini yanakuwa mazito kama uji na pembe za kitako hazijai tena.

Kumimina kwa kitako bapa kuna tofauti moja kubwa na kwa kikombe: kikonyo kiwe kikubwa. Kitako ndicho kinachoganda mwisho, na kinaposinyaa hunyonya madini kutoka kwenye kikonyo kilicho juu yake. Kikonyo kidogo huganda kwanza, kitako kikakosa cha kunyonya, na chini ya ngozi yake kunabaki tundu lisiloonekana. Acha dimbwi la upana wa kidole juu ya bamba. Subiri lipoteze mng'ao, hesabu sekunde tatu au nne zaidi, ndipo ukate. Ukikata mapema unachana; ukichelewa sana kalibu inapoa na risasi inayofuata inatoka na mikunjo.

Maji na madini yaliyoyeyuka havikutani. Tone moja likiingia chini ya uso hugeuka mvuke mara moja, mvuke huo hujaza takriban mara 1,700 ya nafasi ya maji, na chungu kizima hurukia uso wa aliyekiinamia. Kila kipande kinachoongezwa kiwe kimepashwa ukingoni mwa chungu kwanza. Miwani, glavu za ngozi, mikono mirefu. Sumu ya madini haya huingia zaidi kwa vumbi na takataka zinazokwanguliwa juu ya chungu, zikipitia vidole hadi mdomoni, kwa hiyo hakuna kula wala kuvuta sigara mahali hapo, mikono huoshwa kwa sabuni, nguo za kazi hazifuliwi na za familia, na watoto hawaingii hapo kabisa. Unga wa kusagia kalibu pia ni sumu ileile.

Risasi mpya si ile ya zamani. Uzito umebadilika, na iliyokatwa juu inakaa tofauti ndani ya ganda. Vipimo vya baruti vilivyofanya kazi na risasi ya kikombe havihamishwi. Huanzwa upya kutoka chini, kwa majedwali yaliyochapishwa kwa risasi ya uzito huo.

Kagua kila kitako kwa lenzi, ukiegemeza mwanga ubavuni. Ukingo wote ung'ae kwa mstari mmoja usiokatika. Kisha pima uzito: katika risasi za gramu 10, zilizo nyepesi kuliko zenzake kwa zaidi ya gramu 0.05 zina tundu ndani, na mara nyingi liko kitakoni. Zirudishe chunguni.

Baada ya kupiga 20, chungulia mtutu tena. Madini yakiwa yameganda mwanzoni, mbele kidogo ya chemba, kitako hakijazi mifuo na gesi inapita pembeni: ongeza kipenyo kwa kusagia, au tumia madini laini. Yakiwa mwishoni karibu na mdomo, grisi imekwisha njiani, na kalibu haina kosa. Mtutu ukiwa safi na shabaha bado zimetawanyika, rudi kwenye bamba la juu kabla ya kugusa chochote kingine.